Namna vyama vya Kanada vinavyompata kiongozi mpya: mwongozo kamili

Tarehe 9 Machi 2025, watu 151,899 waliichagulia Kanada waziri mkuu. Nchi ina watu zaidi ya milioni 40, lakini waliopiga kura safari hiyo walikuwa wafuasi waliojiandikisha wa chama kimoja tu, Liberal. Mshindi, Mark Carney, hakuwa hata mbunge. Siku tano baadaye alikula kiapo cha uwaziri mkuu, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Kanada haina kura ya moja kwa moja ya kumchagua mkuu wa serikali. Waziri mkuu ni yule anayeungwa mkono na Bunge, na kwa kawaida huyo ndiye kiongozi wa chama chenye wabunge wengi. Kwa hiyo kumchagua kiongozi wa chama tawala ni kumchagua waziri mkuu, na kumchagua kiongozi wa chama kikuu cha upinzani ni kumweka mtu mmoja kwenye foleni ya ikulu. Kwa Waswahili walioko Toronto, Edmonton au Montreal kuna jambo la ziada la kuzingatia. Mkazi wa kudumu ambaye bado hajapata uraia haruhusiwi kupiga kura katika uchaguzi mkuu, lakini katika vyama vikubwa anaruhusiwa kumchagua kiongozi. Hata kijana wa miaka 14 anaruhusiwa. Wengi hawalijui hili mpaka daftari limeshafungwa.

Katika mwongozo huu, "mkoa" ni Ontario, Quebec, Alberta na wenzake. "Jimbo" ni eneo la uchaguzi linalotoa mbunge mmoja. Majimbo yako 343 tangu uchaguzi wa Aprili 2025. Kabla ya hapo yalikuwa 338. Shika tofauti hiyo vizuri, maana hesabu yote ya huko mbele inategemea jimbo.

Hatua ya 1: Kiti kinaachwa wazi

Njia ya kawaida ni kujiuzulu, na mara nyingi kiongozi hujiuzulu baada ya kushindwa uchaguzi. Jagmeet Singh wa NDP (New Democratic Party, chama cha mrengo wa kushoto) alitangaza kuondoka usiku uleule wa 28 Aprili 2025, chama chake kilipobaki na wabunge saba na yeye mwenyewe akapoteza jimbo lake. Njia nyingine ni kifo, kama kilivyomkuta Jack Layton wa NDP Agosti 2011.

Njia zenye vurugu ni mbili. Ya kwanza ni kura ya imani katika mkutano mkuu. Chama cha Conservative hukipima kiti cha kiongozi katika mkutano mkuu unaofuata uchaguzi ambao chama hakikuunda serikali. NDP huwauliza wajumbe wake kwa kura ya siri, katika kila mkutano mkuu wa kawaida, kama wanataka uchaguzi mpya wa kiongozi. Edmonton mwaka 2016, asilimia 52 walijibu ndiyo, na kiongozi wao Tom Mulcair akawa amekwisha.

Hapa kuna mtego ambao katiba za vyama hazituelezi: nusu ya kura haitoshi. Mwaka 1983 huko Winnipeg, Joe Clark, kiongozi wa Progressive Conservative, chama kilichotangulia Conservative ya leo, alipata asilimia 66.9, theluthi mbili ya wajumbe, akaona ni kidogo mno. Aliitisha uchaguzi mpya, akagombea, akashindwa na Brian Mulroney. Tangu hapo kila kiongozi anayekwenda kwenye kura ya imani hupimwa kwa kipimo cha Clark, atake asitake.

Njia ya pili ni wabunge wenyewe. Sheria ya Mageuzi, iliyoasisiwa na mbunge Michael Chong na kuanza kutumika 2015, inawapa wabunge wa kila chama hiari ya kujipa mamlaka ya kumng'oa kiongozi wao. Wanaamua katika kikao chao cha kwanza baada ya kila uchaguzi mkuu. Wakikubali, asilimia 20 ya wabunge wa chama wakitia saini barua, kura ya siri inapigwa, na wingi wa kawaida unatosha. Conservative walikuwa wameikubali baada ya uchaguzi wa 2021. Tarehe 2 Februari 2022 wakaitumia kumwondoa Erin O'Toole kwa kura 73 dhidi ya 45. Ndiyo maana ukitaka kujua kiongozi fulani amekaa imara kiasi gani, jambo la kwanza kuuliza ni kama wabunge wake waliipitisha sheria hiyo au waliiacha.

Hatua ya 2: Kiongozi wa muda

Kiongozi akiondoka ghafla, chama humteua wa kushikilia usukani. Candice Bergen alishika nafasi hiyo kwa Conservative mwaka 2022, Rona Ambrose kabla yake kuanzia 2015, na Don Davies kwa NDP mwaka 2025. Desturi ni kwamba wa muda hagombei, ili asitumie ofisi kujinadi.

Chama kikiwa madarakani mambo hubadilika: waziri mkuu anayeondoka hubaki kazini hadi mrithi apatikane. Ndivyo alivyofanya Justin Trudeau alipotangaza 6 Januari 2025 kwamba anaondoka. Bunge liliahirishwa hadi 24 Machi, na chama kikapata dirisha hilo tu la kumaliza kazi.

Hatua ya 3: Kamati, kalenda, na tarehe ya kufunga daftari

Sheria ya nchi haisemi chama kimchague vipi kiongozi wake. Inasimamia fedha, basi. Chama lazima kiiarifu mamlaka ya uchaguzi, Elections Canada, kinyang'anyiro kinaanza lini na kinaisha lini. Mengine yote yako katika katiba ya chama na kanuni zinazotungwa na kamati maalumu ya uchaguzi wa kiongozi.

Kamati hiyo huamua mambo manne: ada ya kugombea, idadi ya saini, siku ya mwisho ya kujiandikisha wapiga kura, na siku ya matokeo. Hakuna lisilo la kisiasa kati ya hayo. Muda mfupi humfaa mgombea ambaye tayari ana jina na fedha; muda mrefu humpa asiyejulikana nafasi ya kuzunguka nchi na kuandikisha watu. Liberal mwaka 2025 walimaliza kwa siku 62 tangu Trudeau alipotangaza. Conservative mwaka 2022 walitumia miezi saba na ushei. NDP, baada ya Singh, walijipa miezi 11 na kupanga matokeo yatangazwe 29 Machi 2026.

Tarehe ya kufunga daftari ndiyo inayowaumiza watu wa kawaida. Mwaka 2022, uanachama wa Conservative ulifungwa 3 Juni ingawa matokeo yalitoka 10 Septemba. Mwaka 2025, Liberal walifunga 27 Januari, siku 21 tu baada ya tangazo la Trudeau. Ukisubiri midahalo ndipo uamue, umechelewa: midahalo ya Liberal ilifanyika Montreal tarehe 24 Februari kwa Kifaransa na 25 kwa Kiingereza, wiki nne baada ya daftari kufungwa. Jiandikishe kwanza, mgombea utamchagua baadaye.

Hatua ya 4: Kuingia ulingoni

Anayetaka kugombea huchukua kifurushi cha fomu. Ndani yake mna maswali kuhusu historia yake: kesi, madeni, biashara, aliyowahi kuandika mitandaoni. Kisha hukusanya saini na kulipa.

Liberal mwaka 2025 walitaka dola 350,000 za Kanada, zikilipwa kwa awamu, na saini 300 za wafuasi waliojiandikisha, 100 kutoka kila mmoja wa mikoa mitatu. Conservative mwaka 2022 walitaka dola 300,000, yaani ada 200,000 na dhamana 100,000 ya kuhakikisha mgombea anafuata kanuni, pamoja na saini 500 kutoka majimbo 30 yaliyoenea katika mikoa saba. NDP kwa kinyang'anyiro cha 2026 waliweka dola 100,000 na saini 500, ambazo angalau nusu hazikupaswa kuwa za wanaume, kukawa pia na mgawo wa kanda na wa vijana.

Ada kubwa hivyo ina sababu mbili. Moja inasemwa hadharani: kuwachuja wanaogombea kwa ajili ya kujitangaza tu. Ya pili ni kwamba uchaguzi wenyewe ni ghali, na chama kinataka wagombea waugharimie.

Wanakwama wapi? Saini ndizo zinazowaangusha wengi. Aliyetia saini lazima awe mwanachama hai siku ile, na anwani yake ilingane na ile iliyo kwenye daftari. Mwenye uzoefu wa kazi hii akitakiwa saini 500 hukusanya 700 au 800, kisha huzikagua mwenyewe kabla ya kuzipeleka. Kosa la pili ni kukusanya zote mjini kwako na kukumbuka sharti la mikoa siku mbili kabla ya mwisho.

Kikwazo cha tatu ni mchujo. Kamati inaweza kumkatalia mgombea, au kumwengua katikati ya safari. Patrick Brown aliondolewa na Conservative 5 Julai 2022 kwa tuhuma za kuvunja sheria ya fedha, tuhuma alizozikana. Karatasi za kura zilikuwa zimeshachapwa, jina lake likabaki humo. Kwenda mahakamani kunawezekana, ila usitarajie miujiza: mwaka 2020 Jim Karahalios alishinda mahakamani Ontario kwa hoja kwamba kamati ndogo iliyomwengua haikuwa na mamlaka hayo. Kamati yenye mamlaka ikakaa, ikamwengua upya.

Kuna pia sharti ambalo halimo katika fomu: Kifaransa. Mgombea wa chama cha kitaifa asiyeweza kujibu swali la ghafla kwa Kifaransa huhesabiwa kuwa ameshaipoteza Quebec, na Quebec ina majimbo 78.

Hatua ya 5: Fedha

Hapa sheria ya nchi inaingia kwa miguu yote miwili. Mara mtu anapopokea mchango au kutumia fedha kwa kampeni ya uongozi, anapaswa kujisajili Elections Canada. Ili asajiliwe anahitaji wakala wa fedha, mkaguzi wa hesabu, na barua ya chama ikithibitisha kwamba kimemkubali. Kila senti hupitia kwa wakala huyo, katika akaunti ya benki iliyofunguliwa kwa kazi hiyo pekee. Rafiki akilipia ukumbi kutoka mfukoni mwake "kwa nia njema", tayari kuna kosa.

Wanaoruhusiwa kuchanga ni watu binafsi, raia au wakazi wa kudumu. Makampuni na vyama vya wafanyakazi hawaruhusiwi. Mwaka 2025 kiwango cha juu kilikuwa dola 1,750 kwa mwaka kwa wagombea wote wa kinyang'anyiro kimoja kwa jumla, na hupanda dola 25 kila Januari. Neno la kuzingatia ni "kwa jumla": ukimpa mmoja 1,000, waliobaki wote watagawana 750 zako. Fedha taslimu mwisho ni dola 20. Mchango ukizidi dola 200, jina lako linawekwa wazi kwa umma. Mgombea mwenyewe anaweza kujichangia hadi 25,000, kwa hiyo tajiri hawezi kuununua uongozi kwa hundi yake moja. Mikopo kutoka kwa watu binafsi inahesabiwa pamoja na michango. Mkopo mkubwa lazima utoke benki.

Kosa linaloonekana sana katika jumuiya zetu ni lile la "nichangie kwa jina lako, nitakurudishia". Hilo ni kosa la kisheria kwa wote wawili, hata kama fedha ni kidogo.

Ukomo wa matumizi huwekwa na chama, sheria haiutaji. Liberal 2025 waliweka dola milioni 5. Conservative 2022, milioni 7. Serikali hairudishi chochote kwa wagombea wa uongozi, tofauti na uchaguzi mkuu.

Hatua ya 6: Kuandikisha watu

Hotuba na midahalo huonekana kwenye televisheni, lakini kazi hasa hufanyika misikitini, makanisani, kwenye mahekalu ya Masingasinga, kumbi za harusi na baraza za wakulima, ambako watu wa kampeni hupita na tableti mkononi wakiandikisha. Mgombea mwenye akili hamshawishi sana mwanachama wa zamani; huleta wapya. Kambi ya Pierre Poilievre wa Conservative ilidai mwaka 2022 kuwa imeandikisha zaidi ya wanachama 311,000, katika daftari lililofungwa likiwa na majina zaidi ya 670,000. Kama dai hilo lilikuwa kweli, kinyang'anyiro kilikwisha mwezi Juni.

Masharti hutofautiana kwa chama. Conservative hutaka umri wa miaka 14, uraia au ukazi wa kudumu, na ada ya dola 15 kwa mwaka ambayo mwanachama mwenyewe anailipa kwa hundi au kadi yake. Kulipiwa na mtu mwingine ni marufuku, na kanuni hiyo huzaa malalamiko. Liberal hawatozi ada tangu 2016, unajiandikisha bure. Zamani walimpokea yeyote aishiye Kanada, lakini Januari 2025, baada ya wasiwasi mkubwa kuhusu mataifa ya nje kuingilia siasa, walibana: raia, mtu wa mataifa asilia mwenye hadhi ya kisheria, au mkazi wa kudumu. Anayesubiri uamuzi wa ombi la ukimbizi, au mwenye viza ya masomo, alikuwa ndani. Sasa yuko nje. Kwa NDP, katika mikoa mingi unajiunga kupitia tawi la mkoa na uanachama wa kitaifa unakuja pamoja nao.

Ada ya uanachama isiyozidi dola 25 kwa mwaka haihesabiwi kuwa mchango. Na usijiandikishe vyama viwili. Fomu inakutaka utamke kwamba wewe si mwanachama wa chama kingine.

Andika jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho. Aliyejiandikisha kama "Mohamed Ali" ilhali leseni yake inasema "Mohamed Ali Juma" atajutia siku ya kuhakikiwa.

Hatua ya 7: Hesabu ya pointi

Kwa Liberal na Conservative, kura yako haihesabiwi kitaifa. Inahesabiwa jimboni kwako, kisha asilimia za jimbo zinageuzwa kuwa pointi. Kila jimbo lina pointi 100. Mwaka 2025 Liberal walikuwa na pointi 34,300 za kugombaniwa. Carney alipata asilimia 85.9 ya hizo.

Tuchukue majimbo mawili ya mfano. Jimbo la Alberta lina wapiga kura 2,000: mgombea A anapata 1,300, B anapata 700. Jimbo la Quebec lina wapiga kura 150: A anapata 45, B anapata 105. Ukijumlisha vichwa, A ana 1,345 na B 805. Ukigeuza kuwa pointi, A ana 65 na 30, jumla 95. B ana 35 na 70, jumla 105. B ameshinda. Kura moja ya Alberta ilikuwa na thamani ya pointi 0.05, ya Quebec, 0.67. Ni mara 13.

Sasa kumbuka kwamba Alberta, ngome ya Conservative, ina majimbo 37, na Quebec 78 ambayo mengi yana wanachama wachache. Utaelewa kwa nini wagombea huenda kutafuta watu 30 katika mji mdogo wa Quebec badala ya 300 Calgary. Mfumo huu ulikuwa sharti la muungano wa vyama viwili vilivyozaa Conservative mwaka 2003, ili upande mmoja wenye wanachama wengi wa magharibi usiumeze mwingine.

Uchaguzi wa Conservative wa mwaka 2020 ulitoa ushahidi mzuri kuliko mfano wowote. Katika raundi ya pili Leslyn Lewis aliongoza kwa idadi ya kura, zaidi ya 60,000, kuliko Peter MacKay na kuliko O'Toole. Kwa pointi alikuwa wa tatu, akatolewa.

Baada ya hapo Conservative walirekebisha: jimbo lenye wapiga kura chini ya 100 hutoa pointi sawa na idadi yao tu. Rudi kwenye mfano wetu, ufanye jimbo la Quebec liwe na wapiga kura 40 tu, kwa uwiano uleule: A anapata pointi 12, B 28. Jumla A 77, B 63. Matokeo yamegeuka kwa kanuni moja. Ndiyo maana wanaojua mchezo husoma kanuni kabla ya kusoma kura za maoni.

NDP wameacha yote hayo. Mwanachama mmoja, kura moja, uzito uleule kila mahali. Zamani chama hiki kilitenga robo ya uzito kwa vyama vya wafanyakazi, utaratibu uliotumika Layton aliposhinda 2003, kisha kikauondoa.

Mifumo hii ya kila mwanachama ilichukua nafasi ya mikutano ya wajumbe iliyoanza na Liberal mwaka 1919, walipomchagua Mackenzie King. Mikutano ile ilikuwa sinema. Montreal, Desemba 2006, Stéphane Dion wa Liberal alimaliza raundi ya kwanza akiwa wa tatu, kura mbili tu mbele ya Gerard Kennedy, 856 kwa 854. Kennedy alipojitoa baadaye akamfuata Dion na wajumbe wake, na Dion akashinda raundi ya nne. Kura mbili zile zingeelekea upande wa pili, huenda historia ingekuwa nyingine.

Hatua ya 8: Kupiga kura bila kuiharibu

Hakuna raundi za kutembea ukumbini tena. Unapanga wagombea kwa namba: 1 kwa umpendaye zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea. Asipopatikana wa kuvuka nusu, wa mwisho anatolewa na kura zake zinakwenda kwa chaguo la pili la kila mpiga kura. Inarudiwa hadi mmoja avuke nusu.

Mwaka 2017 majina yalikuwa 14 kwenye karatasi ya Conservative, likiwemo la Kevin O'Leary aliyekuwa ameshajitoa. Maxime Bernier aliongoza raundi 12 mfululizo. Raundi ya 13, Andrew Scheer alimpita kwa asilimia 50.95 dhidi ya 49.05. Scheer hakuwa chaguo la kwanza la wengi. Alikuwa chaguo la pili na la tatu la watu wengi mno. Zaidi ya hapo, Bernier alishindwa jimboni kwake mwenyewe, Beauce, ambako wafugaji wa ng'ombe wa maziwa waliokuwa wakipinga mpango wake wa kufuta mgao wa uzalishaji walijiunga na chama ili wampigie mpinzani wake. Kwa mfumo wa pointi, kundi dogo lenye nidhamu katika jimbo moja linatosha kuuma.

Makosa ya kuepuka ni haya. Ukimwandikia mgombea mmoja 1, 2 na 3, hujampa kura tatu. Umejinyima chaguo la pili tu. Ukiweka wawili kuwa namba 1, kura inaharibika. Ukiandika namba 1 pekee, kura ni halali, lakini mtu wako akitolewa karatasi yako inalala, na pointi za jimbo zinagawanywa kwa waliobaki bila wewe. Kumpa mtu namba 2 hakumdhuru namba 1 wako hata kidogo, kwa sababu namba 2 haiangaliwi mpaka namba 1 atoke. Hofu hiyo ipo kila msimu na haina msingi.

Conservative hupiga kwa posta. Bahasha hufika nyumbani na karatasi ya kura, bahasha ya siri, na fomu ya tamko. Kura huingia kwenye bahasha ya siri na kufungwa. Fomu hutiwa saini na kuambatanishwa na nakala ya kitambulisho. Vyote huingia bahasha ya nje. Wanaosahau nakala ya kitambulisho, au wanaoiweka ndani ya bahasha ya siri, kura zao hutupwa. Mke na mume wasichanganye fomu zao. Kinachoangaliwa ni siku bahasha inapofika, si siku uliyoituma, na posta ya Kanada kwa jimbo la mbali yaweza kuchukua wiki nzima.

Liberal mwaka 2025 walipiga kura mtandaoni, baada ya kuthibitisha utambulisho kwa programu ya Canada Post kwenye simu au kwa kwenda posta. Simu ya zamani, picha ya kitambulisho yenye giza, na majina yasiyolingana viliwakwamisha watu hapo. Dirisha la kura likifunguliwa, jithibitishe siku ya kwanza. Siku ya mwisho ni ya foleni.

Hatua ya 9: Usiku wa matokeo

Kuhesabu karatasi huhitaji mashine, na mashine zina tabia zake. Agosti 2020 mashine ya kufungulia bahasha ilichana maelfu ya kura za Conservative. Zikalazimika kunakiliwa upya kwa mkono mbele ya mawakala, na O'Toole akatangazwa mshindi baada ya saa sita usiku. Mtandao nao si salama wa kutosha: Toronto, Machi 2012, mfumo wa kura wa NDP ulishambuliwa na kupunguzwa kasi kwa saa kadhaa kabla Mulcair hajashinda.

Asipojitokeza mpinzani, yote haya yanarukwa. Yves-François Blanchet alipata uongozi wa Bloc Québécois, chama kinachosimamisha wagombea Quebec pekee, Januari 2019 kwa kupita bila kupingwa.

Hatua ya 10: Asubuhi yake

Kiongozi mpya wa chama tawala huenda kwa Gavana Mkuu, mwakilishi wa mfalme, pindi mtangulizi akijiuzulu. Carney aliapishwa 14 Machi 2025, akaitisha uchaguzi 23 Machi, akapata ubunge wa Nepean tarehe 28 Aprili. Asiye na kiti katika upinzani huombewa nafasi: mbunge mmoja wa ngome hujiuzulu na uchaguzi mdogo unafanyika. Poilievre alipopoteza jimbo la Carleton mwaka 2025, Damien Kurek alimwachia Battle River–Crowfoot, na Agosti akashinda tena ubunge.

Kwa walioshindwa, kazi inaendelea kimyakimya. Ripoti ya fedha iliyokaguliwa inatakiwa Elections Canada ndani ya miezi sita. Ziada, kama ipo, huenda chamani au kwa tawi la jimbo. Mgombea hawezi kuitia mfukoni. Madeni yanapaswa kulipwa ndani ya miezi 36, kwa michango ya wananchi chini ya viwango vilevile, na ni nani anayemchangia aliyekwisha kushindwa? Baadhi ya waliogombea dhidi ya Dion mwaka 2006 walikuwa bado wanadaiwa miaka kadhaa baada ya Dion mwenyewe kuachia kiti.